Ramani ya nyota kwenye simu haifanani na anga la Dodoma: nani kakosea?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwanangu wa darasa la sita amekolea mambo ya nyota, basi nikamfungulia ile ramani ya anga ya kwenye mtandao, unayoizungusha kwa kidole. Tatizo haifanani na tunachokiona. Tarehe 14 Juni tulitoka uani saa tatu usiku, nikaiandikia ramani saa tatu, ikatuonyesha nyota inaitwa Altair karibu na utosi. Kutazama juu, haipo; kuna nyota nyingine nyeupe inayovutia kibuluu. Nyota ya Kaskazini iko kwenye ramani, sisi tumeitafuta mpaka shingo zimeuma. Halafu mashariki wameiandika kushoto! Babu yake wa Mvumi anacheka, anasema hizo ni nyota za Wazungu, yeye anakijua Kilimia. Shangazi yake naye ananionya nisimtumbukize mtoto kwenye unajimu. Je, hizi ni picha za setilaiti za siku nyingi, au simu yangu ni mbovu? Na nimeona darubini dukani, imeandikwa inakuza mara 525. Nimnunulie?"

Marahaba, mama. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nikutoe wasiwasi mapema: simu yako nzima, ramani nayo nzima, na babu hajakosea kama anavyodhaniwa. Kilichowapoteza ni kitu kidogo kinachotupata sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili karibu sote.

Uliandika 3:00, sivyo? Ramani hizi huanza kuhesabu siku usiku wa manane, saa sita yetu ya usiku ndiyo sifuri yao. Kwa hiyo 3:00 kwao ni saa tisa usiku, wakati hata mbwa wa mtaani wamechoka kubweka. Saa tatu yetu ya usiku huandikwa 21:00. Bila kujua, uliiomba ramani ikuonyeshe anga lililokuwa bado halijafika, la muda wa saa sita mbele. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24 hivi, maana yake katika muda huo wa saa sita anga hugeuka robo nzima ya duara. Nyota inayochungulia mashariki inakuwa imepanda hadi juu ya kichwa.

Ushahidi umeuleta mwenyewe. Katikati ya Juni, saa tatu usiku, Altair ndiyo kwanza inagusa upeo wa macho upande wa mashariki. Mlipokuwa mmekunja shingo kuitafuta utosini, yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta wa jirani, inajiandaa kutoka. Na ile nyeupe yenye ubuluu mliyoiona ni Sumbula, ambayo kwenye ramani huandikwa Spica. Mngekaa mpaka saa tisa, Altair ingekuwa pale pale ramani iliposema.

Usijione mjinga. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kufundisha fizikia, niliwatoa wanafunzi wa bweni uwanjani kwa mbwembwe nyingi kuwaonyesha kundi la Nge, nikiwa nimechora ramani ya 2:00 badala ya 20:00. Nge niliyemchora yuko magharibi anakwenda kulala. Nge wa kweli alikuwa mgongoni kwetu, mashariki, na aliyemwona kwanza ni binti mmoja wa kidato cha pili, si mimi.

Sasa kuhusu setilaiti. Watu wengi hudhani ramani ya namna hii ni picha ya moja kwa moja, kana kwamba kuna kamera huko juu inayotazama paa lako. Hakuna. Ramani haioni chochote, inapiga hesabu. Ndani yake kuna daftari kubwa la nyota: kila nyota na mahali pake, mng'ao wake na rangi yake. Daftari hilo limekusanywa kwa kazi ya miaka mingi. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Hipparcos, iliyorushwa 1989, ilipima mahali pa nyota zaidi ya 100,000 kwa usahihi mkubwa, na mwenzake Gaia, aliyerushwa Desemba 2013, akafikisha karibu bilioni 1.8. Programu kama Stellarium, ambayo ni ya bure na ndiyo ninayoitumia, huchukua nyota za daftari, ikaongeza kanuni za mwendo wa Mwezi na sayari, halafu inakuuliza mambo mawili tu: uko wapi, na ni saa ngapi. Ukijibu sawasawa, itakuchorea anga la leo, la mwaka uliozaliwa, au la siku ambayo mjukuu wako ataoa. Ukijibu kombo, itakuchorea vizuri vilevile anga la mtu mwingine.

Jibu la "uko wapi" ramani nyingi hukisia zenyewe kutokana na mtandao. Mara nyingi hutuweka Dar es Salaam. Hilo lisikusumbue: Dar iko mashariki yetu kwa nyuzi tatu na nusu, kwa hiyo nyota huko huchomoza dakika 14 hivi kabla ya hapa, na mtoto hatagundua tofauti. Balaa ni pale inapokuweka Ulaya. Wewe haikukuweka Ulaya, nami najua kwa sababu ya Altair ileile. Ingekuwa inadhani uko London, kwa 3:00 ya Juni utosini pangekuwa na nyota kama Vega na Deneb, na Altair ingeonekana imeshuka upande wa kusini.

Basi Nyota ya Kaskazini imetoka wapi? Nadhani mwanao amebonyeza kitufe cha kuondoa ardhi. Ramani nyingi zina alama ya kuonyesha au kuficha ardhi, na ukiificha unaona nyota zilizo chini ya miguu yako, kana kwamba dunia imegeuka kioo. Dodoma iko nyuzi 6 na kitu kusini ya ikweta, kwa hiyo ncha ya anga ya kaskazini, ile nukta ambayo nyota za huko huonekana kuizunguka, iko nyuzi 6 na kitu chini ya upeo wetu wa macho, na Nyota ya Kaskazini imeganda jirani na ncha hiyo. Haichomozi hapa, si Juni si Desemba. Mngeitafuta mpaka asubuhi. Irudishe ardhi, nayo itatoweka.

Lakini msiisikitikie, maana sisi ndio tuliopendelewa. Mtu wa London hataiona kamwe sehemu kubwa ya anga la kusini. Mtu wa Dodoma, katika mwaka mmoja, anapitiwa na zaidi ya asilimia 99 ya anga lote. Tunachonyimwa ni kiduara kidogo tu kuizunguka ile ncha ya kaskazini. Usiku uleule wa tarehe 14, mngeelekea kaskazini mngeliona Dubu Mkubwa, kundi wanalojivunia watu wa kaskazini, akining'inia kichwa chini, mkia juu, ameegemea magharibi. Mngegeuka kusini mngeuona Msalaba wa Kusini umeinama kuliani, na nyota mbili kali kushoto kwake. Ile ya kushoto zaidi ni Rijili Kantori, Alpha Centauri ya kwenye ramani, na ndiyo jirani yetu wa karibu kati ya nyota zote tunazoziona kwa macho matupu, ukiacha Jua. Mwanga wake husafiri miaka minne na miezi kadhaa kutufikia. Mwulize mwanao alikuwa darasa la ngapi mwanga ule ulipoanza safari.

Hilo la mashariki kushoto limewachanganya hata walimu wenzangu. Ramani ya Tanzania tunaitazama kutoka juu kwenda chini, kama ndege. Ramani ya anga tunaitazama kutoka chini kwenda juu. Tandika mkeka uani, mwanao alale chali, kichwa kaskazini, miguu kusini. Anyooshe mkono wa kushoto: unaelekea upande Jua linakochomoza. Ukimshikia simu juu ya uso, ile kaskazini ya juu ya ramani ikiwa upande wa kichwa, kila kitu kitakaa mahali pake. Ukiiweka simu mezani kama ramani ya wilaya, lazima ikugombanishe.

Kabla ya kuiamini ramani usiku wowote, ijaribu kwa Mwezi. Fungua, weka 19:00 kwa saa moja usiku, ulinganishe: Mwezi uko upande huo? Umefikia ukubwa huo? Hapa kwetu karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala, pembe juu, kama mtumbwi. Kama kwenye ramani umesimama wima kama mabano, mahali pamekosewa. Kama umelala vizuri lakini hauko pale unapouona, umekosea saa au tarehe.

Kama unatumia ile namna ya kuielekeza simu angani nayo ikafuata, ujue inategemea dira iliyo ndani ya simu, na dira hiyo huyumbishwa na chuma. Usisimame ubavuni mwa gari, chini ya bati wala karibu na geti, na kama kava la simu lina sumaku ya kufungia, livue. Ikiendelea kuyumba, izungushe simu hewani mara kadhaa kama unachora tarakimu nane. Simu nyingine za bei nafuu hazina dira kabisa, hapo kidole ndiyo dira.

Kuna masikitiko mengine yanakuja, afadhali niwatangulie. Ramani itawaonyesha maelfu ya nyota na mawingu ya rangi nyekundu na zambarau. Nje mtaona vidoa vyeupe. Zile rangi zimetokana na picha zilizopigwa kwa kuiacha kamera wazi dakika nyingi au saa kadhaa. Jicho la mwanadamu halikusanyi mwanga hivyo, na kwenye giza linatumia chembe zisizojua rangi. Tena chembe hizo zinahitaji dakika 20 hadi 30 za giza ili ziamke vizuri, na mmweko mmoja wa simu unazirudisha mwanzo. Ramani karibu zote zina kitufe cha kugeuza kioo kiwe chekundu. Kitumieni, na mpunguze mwanga wa simu mpaka mwisho.

Halafu kuna taa. Tangu Serikali ihamie hapa, Dodoma ya usiku si ile niliyoikuta. Ukisimama nje ya mji utaliona wingu la mwanga juu ya jiji lote. Kutoka Nkuhungu mtaona nyota kubwa na sayari, basi. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota zetu wenyewe, mtaisahau. Ila ukienda mashambani usiku usio na mwezi, Julai saa tatu au saa nne, kitovu chake hupita karibu juu ya kichwa, pembeni ya mkia wa Nge, na unaweza kudhani ni wingu lililokataa kuondoka. Juni na Julai ndiyo miezi yake: mvua hakuna na baridi imekausha hewa. Kufikia Agosti upepo unaanza kuinua vumbi na nyota za chini zinafifia. Vaeni viatu vya kufunika, mama. Nge wa angani hana neno, wa kwetu wa chini anauma.

Shangazi umwambie hivi. Kutabiri bahati ya mtu kwa nyota ndiko unajimu. Kupima nyota ziko wapi na zinakwendaje ni falaki, au astronomia kama ilivyo vitabuni, na ndiyo iliyowaongoza mabaharia na kalenda. Ramani hii ni dawa nzuri ya unajimu. Chukua mtu aliyezaliwa tarehe 5 Agosti. Magazeti yanamwita wa nyota ya Simba. Weka tarehe hiyo kwenye ramani, lifuate Jua, uone liko kundi gani: liko Kaa. Mhimili wa dunia huyumba taratibu kama pia ya watoto inayozunguka, mzunguko mmoja kwa takriban miaka 26,000, na tarehe za wanajimu ziligandishwa zamani sana, anga likaendelea na safari yake.

Sasa darubini. Usinunue hiyo. Darubini haipimwi kwa ukuzaji, inapimwa kwa upana wa kioo chake cha mbele, maana kazi yake kubwa ni kukusanya mwanga. Kanuni ya wazoefu ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya upana huo kwa milimita. Tuseme kioo chake ni cha milimita 76: ukikitendea haki yote, kinafika mara 150. Zilizobaki mpaka 525 ni ukungu unaotikisika juu ya miguu mitatu ya plastiki. Mtoto ataangalia mara mbili, halafu itakaa juu ya kabati. Kwa pesa hiyo au pungufu tafuta ile darubini ya macho mawili ambayo watalii huning'iniza shingoni kule Ruaha, iliyoandikwa 7x50 au 10x50, yaani namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni upana wa kioo kwa milimita. Aegemeze viwiko ukutani, na ataiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii, Jupiter ya kwenye ramani, iliyopangana kama shanga, ileile aliyoigundua Galileo, mwanafalaki wa Italia, Januari 1610. Ataona mashimo ya Mwezi. Pete za sayari ya Zohali, yaani Saturn, hazitaonekana, hizo zinataka ukuzaji wa mara 25 na zaidi, na hapo ndipo darubini halisi inapoingia. Kabla ya kununua hiyo, peleka mtoto kwa mwalimu wa fizikia mwenye darubini, au uulize idara ya fizikia Chuo Kikuu cha Dodoma hapo hapo mjini, aweke jicho lake mwenyewe. Nimeona wazazi wakinunua kwa picha ya kwenye boksi.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Darubini nyingi za bei rahisi huja na kikofia cha kioo cheusi kilichoandikwa ni cha kutazamia Jua, cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Kitupe. Hukaa pale mwanga ulipokusanyika na joto lake, kikipasuka jicho halina muda wa kukimbia. Mtoto asielekeze darubini yoyote kwenye Jua, hata kwa utani. Jua aliangalie kwenye ramani: airudishe hadi tarehe 1 Septemba 2016, mahali aandike Rujewa, Mbeya, muda wa 11:30 mpaka 12:15 mchana, aone Mwezi ukiingia katikati ya Jua na kuacha pete ya moto, kama walivyoona waliokuwapo. Ikitokea kwa bahati mbaya ametazama Jua kwa darubini, usisubiri alalamike maumivu, kwa sababu nyuma ya jicho hakuna neva za maumivu. Akisema baada ya saa kadhaa kwamba anaona doa katikati au maandishi yamepinda, mpeleke kliniki ya macho hospitalini siku hiyohiyo. Matone ya duka la dawa hayasaidii.

Nimemwacha babu mwisho makusudi. Kilimia anachokijua yeye ni kikundi kile kile ambacho ramani inakiita Pleiades. Kiko umbali wa miaka ya nuru 440 hivi, yaani mwanga wake husafiri miaka yote hiyo kutufikia; jicho zuri linahesabu nyota sita au saba, darubini ya macho mawili inaonyesha makumi. Jina letu linatokana na kulima, na si bure. Andika kwenye ramani tarehe 15 Novemba, 20:00, utazame mashariki kukielekea kaskazini: Kilimia kinapanda giza linapoingia, wakati ambapo huku kwetu watu wanafyeka mashamba wakisubiri mvua. Peleka mbele mpaka mwanzoni mwa Mei, utakiona kinazama magharibi pamoja na Jua, mvua zimekatika. Watu wa pwani wanasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Babu ana kalenda ileile iliyo kwenye simu, ila yake haihitaji bando.

Kwa sasa kimerudi, lakini cha alfajiri. Shule zikifungwa nendeni Mvumi. Mwishoni mwa Juni, saa kumi na moja na robo alfajiri, kiko mashariki kukielekea kaskazini, juu ya upeo kwa kiasi cha ngumi moja na nusu ukiunyoosha mkono. Kwenye ramani andika 5:15. Simu ibaki mfukoni kwanza, babu aonyeshe kwa kidole, kisha mwanao afungue ahakiki.